Picha za CT zifike zote: mwongozo kamili wa kutuma kutoka hospitali ya mkoani hadi kwa daktari wa radiolojia aliye mbali

Simu ninayopigiwa kuliko nyingine zote huanza hivi: "Kaka, picha tumetuma tangu saa mbili asubuhi, daktari wa Dar anasema hajaona kitu." Nikiuliza zimetumwa ngapi, kimya. Nikiuliza zimefika ngapi, kimya zaidi. Kisha naambiwa mtandao ni mbovu.

Mtandao unaweza kuwa mbovu kweli. Lakini hospitali nyingi nilizosaidia zilikuwa na mtandao wa kutosha, kilichokosekana ni mpangilio. Mashine ya CT iliachiwa itume yenyewe picha mojamoja kwa mamia ya kilomita, na mwisho wa safari hakuna aliyehesabu.

Mwongozo huu ni wa watu wawili: mtu wa TEHAMA na mtu wa mionzi. Wakae meza moja. Kila mmoja akifanya peke yake, kazi hukwama katikati.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kompyuta ndogo itakayowaka saa 24: RAM ya GB 8, diski ya SSD ya TB 1. Humu itaitwa "kisanduku".
- UPS ya kuhimili kisanduku, raoti na swichi kwa nusu saa angalau, pamoja na stabilaiza.
- Kebo ya mtandao kutoka chumba cha CT hadi kwenye kisanduku. Usitumie Wi-Fi kwa kipande hiki.
- Njia mbili za intaneti za kampuni tofauti. Kwa mfano, faiba kama njia kuu na raoti ya laini ya simu kama akiba.
- Programu ya Orthanc, seva ya kupokea, kutunza na kutuma picha, upande wenu na upande wa daktari. Ni ya bure.
- Seva upande wa daktari yenye anwani ya IP ya umma na cheti cha HTTPS.
- Weasis au programu nyingine ya kufungulia picha za DICOM, yaani muundo wa faili na lugha ya kutumiana ya mashine za picha hospitalini.
- Namba ya simu ya fundi wa kampuni ya mashine. Mashine nyingi za CT zinadai nywila ya fundi ili kuongeza mahali pa kutuma picha. Mwombe siku anapokuja kwa matengenezo ya kawaida, usisubiri dharura.
- Makubaliano ya maandishi kati ya hospitali mbili: nani anasoma, kwa muda gani, nani anapigiwa simu usiku.
- Daftari lenye safu sita: tarehe, namba ya mgonjwa, picha zilizotoka, picha zilizofika, saa, jina la aliyethibitisha.

Daftari hilo ni la bei ndogo kuliko vyote hapo juu, na ndilo nitakalolirudia hadi mwisho.

### Kuhusu picha za simu

Najua wengi wanapiga picha skrini ya CT kwa simu na kuituma WhatsApp. Kwa kumwita daktari aamke, sawa. Kwa kutoa majibu, hapana. Faili la DICOM hubeba ngazi nyingi za kijivu kuliko jicho linavyoweza kuona kwa mara moja, na daktari hubadilisha dirisha, yaani sehemu ya ngazi hizo anayoiangalia: la ubongo, la mfupa, la damu. Ukipiga picha skrini umemfungia dirisha moja, tena lililopunguzwa ubora njiani. Tofauti kati ya ubongo mzima na damu mbichi ni namba chache tu kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachoipa kila nukta ya CT namba yake. Tofauti hiyo ndiyo hufutika kwanza.

## Hatua ya 1: Pima njia na ufanye hesabu

Picha moja ya CT kwa kawaida ina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili. Hiyo ni nusu megabaiti. Kipimo cha kifua na tumbo chenye picha nyembamba 600, yaani za vipande vyembamba vya mwili, ni megabaiti 300.

Sasa angalia kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Kampuni zinatangaza kasi ya kupakua, nanyi mnasukuma picha kwenda nje. Pima saa nne asubuhi hospitali ikiwa imejaa, pima tena saa nane mchana, na tena usiku. Andika namba zote.

Tuseme mmepata megabiti 2 kwa sekunde. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo picha zile ni megabiti 2,400. Gawanya kwa 2: sekunde 1,200, yaani dakika 20. Mtandao haufanyi kazi kikamilifu muda wote, hivyo tegemea asilimia 70 ya kasi hiyo: karibu dakika 29. Kwa mgonjwa mmoja.

Wengi wanaishia hapo, wanaona haiwezekani. Haiwezekani ikitumwa ilivyo. Hatua ya 4 itaishusha hadi dakika 11 au 12.

Pima pia muda wa kwenda na kurudi. Fungua dirisha la amri na utume ping 100 kwenda seva ya daktari. Angalia mambo mawili: milisekunde ngapi, na pakiti ngapi zimepotea.

Kwa faiba ndani ya nchi utaona makumi ya milisekunde. Kwa dishi la satelaiti za zamani, zinazokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, utaona 600 au zaidi. Hapa ndipo mashine ya CT inaposhindwa: ikituma moja kwa moja kwa njia ya kawaida ya DICOM, husubiri jibu la "nimepokea" kabla ya kutuma picha inayofuata. Picha 600 mara milisekunde 600 ni dakika 6 za kusubiri tu. Isitoshe, mashine ya zamani inayotuma kilobaiti 64 kisha kungoja kibali haitavuka kilobaiti 110 hivi kwa sekunde kwenye dishi hilo, hata ulipie kasi mara tano. Kuongeza kifurushi hakutasaidia, kinachobadilishwa ni namna ya kutuma.

Umefaulu ukiwa na: kasi ya kupakia ya nyakati tatu tofauti, muda wa kwenda na kurudi, na pakiti zinazopotea chini ya 1 kati ya 100. Zikipotea zaidi, mwite mtoa huduma kwanza, ukiwa na namba hizo mkononi.

## Hatua ya 2: Weka kisanduku karibu na mashine

Kazi ya kisanduku ni kuipokea picha haraka ndani ya hospitali, ili mashine ya CT iwe huru kwa mgonjwa mwingine. Mambo ya umeme na kukatika kwa mtandao yanabaki kuwa ya kisanduku.

Sakinisha Orthanc. Kipe kisanduku anwani ya IP isiyobadilika, mfano 192.168.10.20. Badilisha nywila ya mwanzo siku hiyohiyo. Porti ya DICOM ni 4242 na ya kurasa ni 8042, usipozibadilisha.

Onyo: usifungue porti hizo mbili kwenye intaneti. Zikiwa wazi, mtu yeyote aliye popote duniani anaweza kusoma majina na magonjwa ya watu wenu.

Rekebisha saa ya kisanduku na ya mashine ya CT zilingane. Nimekuta mashine iliyokuwa nyuma kwa mwaka mzima. Daktari alitafuta kipimo cha leo, hakukiona, akasema hakijafika. Kilikuwa kimefika, chini kabisa ya orodha.

Kuhusu diski: wagonjwa 20 kwa siku wenye megabaiti 120 kila mmoja baada ya kubanwa ni GB 2.4 kwa siku. TB 1 itadumu zaidi ya mwaka. Hata hivyo kisanduku si ghala la kudumu. Panga nakala ya akiba mahali pengine.

## Hatua ya 3: Unganisha CT na kisanduku

Kwenye mashine, fundi anaongeza mahali papya pa kutuma. Anajaza vitu vitatu: jina la AE (jina la kifaa katika mawasiliano ya DICOM), anwani ya IP, namba ya porti.

Jina la AE lisizidi herufi 16. Liandike kwa herufi kubwa, bila nafasi, na ulinakili herufi kwa herufi pande zote mbili. Orthanc kwa mipangilio yake ya mwanzo hupokea hata jina likikosewa, lakini mifumo mingine mingi hukataa bila maelezo. Zoeeni kuliandika sawa tangu sasa.

Bonyeza jaribio la mawasiliano kwenye mashine, lile linaloitwa echo. Likikubali, tuma kipimo kimoja cha zamani. Kisha hesabu: mashine inasema mifululizo (mafungu ya picha ndani ya kipimo) mingapi, picha ngapi? Kisanduku kinasema nini?

Usishtuke hesabu ikitofautiana kwa picha mbili tatu. Ukurasa wa dozi ya mionzi na ile picha ya mwanzo ya kupangia mara nyingine huhesabiwa upande mmoja tu. Linganisha mfululizo kwa mfululizo, siyo jumla peke yake.

Umefaulu: kipimo chote kimeingia kwenye kisanduku ndani ya dakika chache na kila mfululizo una idadi ileile.

## Hatua ya 4: Bana bila kupoteza kitu

Kuna kubana kunakotupa sehemu ya picha, na kuna kubana kunakorudisha kila nukta kama ilivyokuwa. Kwa picha za uchunguzi tumieni hii ya pili tu.

Katika faili la mipangilio la Orthanc, tafuta `IngestTranscoding` na uweke `1.2.840.10008.1.2.4.70`. Hiyo ni namba ya JPEG isiyopoteza, ambayo karibu kila programu ya kufungulia picha inaielewa. JPEG 2000 isiyopoteza, inayoishia na `4.90`, huweza kubana zaidi kidogo ila inachosha kompyuta dhaifu.

Picha za CT hupungua hadi nusu au theluthi hivi. Zile megabaiti 300 zikishuka hadi 120, hesabu yetu inakuwa dakika 8 kwenye karatasi, 11 na nusu kwa uhalisia.

Usibane tena kwa zip juu yake. Hutapata kitu zaidi ya kupoteza muda.

Umefaulu: daktari amefungua kipimo kilichobanwa kwa programu anayoitumia kila siku na kimefunguka. Muulize yeye, usijaribu kwa kompyuta yako tu.

## Hatua ya 5: Jenga njia salama

Laini za simu na intaneti nyingi za satelaiti hazikupi anwani ya IP ya umma, mnagawana anwani moja na wateja wengine. Ndiyo maana daktari hawezi "kuja kuchukua" picha kwenu. Ninyi ndio mtasukuma kwenda kwake. Kwa hiyo anwani ya umma ikae upande wa seva yake, pamoja na HTTPS. Wengi huweka Nginx, programu ya seva ya wavuti, mbele ya Orthanc kwa kazi hiyo. Kama hospitali zote mbili zina mtu wa mitandao, WireGuard, yaani VPN ya kuunganisha pande mbili kwa siri, ni njia nzuri zaidi, kwani hakuna mlango wa picha unaobaki wazi nje.

Seva iwe wapi? Ushauri wangu: ikiwezekana, ndani ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Picha inayotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa mkongo wa taifa haina sababu ya kutegemea waya ulioko chini ya bahari. Ukiweka seva Ulaya kwa sababu ni rahisi kukodi, umempeleka mgonjwa wa Mbeya Ulaya na kumrudisha Dar.

Ipo sababu ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na ina masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kwa wasomaji wa Kenya, sheria yenu ya ulinzi wa data ni ya mwaka 2019. Kama daktari anayewasomea picha yuko India au Uingereza, makubaliano ya hospitali mbili yaandikwe na kusainiwa kabla ya picha ya kwanza kuondoka.

## Hatua ya 6: Tuma kwa vipande vinavyojirudia

Hii ndiyo hatua inayoponya zile simu za asubuhi.

Orthanc ina programu-jalizi ya kuharakisha usafirishaji, iitwayo Transfers Accelerator. Isakinishe pande zote mbili. Haitumi picha mojamoja. Inakusanya kipimo chote, inakigawa vipande, inatuma vipande kadhaa kwa pamoja, na kipande kilichokwama hutumwa tena peke yake. Ucheleweshaji wa dishi hauumi tena kama awali, kwa sababu wakati kipande kimoja kinangoja jibu, vingine viko njiani.

Katika mipangilio yake, `BucketSize` ni ukubwa wa kipande kwa kilobaiti. Mimi huanza na 4096. Mtandao ukiwa unakatika kila baada ya dakika, shusha hadi 1024: kipande kidogo kikikatika hupotezi kikubwa. `MaxHttpRetries` ni mara ngapi ijaribu tena. Hakikisha siyo sifuri, mimi huweka 10.

Sasa fanya jaribio ambalo watu hulikwepa. Anza kutuma kipimo kikubwa. Kikifika nusu, chomoa waya wa intaneti. Hesabu sekunde 20, uchomeke tena. Kazi inatakiwa kuendelea na kumaliza. Isipoendelea, heri uijue leo kuliko usiku wa ajali.

Rudia kwa kuzima faiba na kuacha laini ya simu ichukue nafasi. Angalia na bando: GB 2.4 kwa siku ni zaidi ya GB 70 kwa mwezi. Laini ya akiba isiyo na bando ni pambo.

Kwenye raoti, kama Mikrotik, tengea kisanduku sehemu yake ya kasi ya kupakia. Bila hivyo, saa ya chai, video za simu za wafanyakazi zitashindana na ubongo wa mgonjwa.

Umefaulu: umekata waya katikati, na bado picha zote zimefika bila mtu kubonyeza kitu.

## Hatua ya 7: Nani, kwa nini, na swali ni lipi

Picha 600 bila maelezo humfanya daktari abahatishe. Kila kipimo kiambatane na umri, jinsia, dalili na lini zilianza, alipewa dawa ya kontrasti au la, na swali moja lililo wazi. "CT kichwa" siyo swali. "Ameanguka jana kutoka pikipiki, anatapika, mboni ya kushoto imetanuka: kuna damu?" ni swali.

Jina na namba ya hospitali viandikwe kwenye mashine kabla ya mgonjwa kupigwa picha. Kurekebisha baadaye ndiko kunakozaa wagonjwa wawili wenye jina moja.

Ikiwa picha ni za kufundishia au zinakwenda nje bila ulazima wa jina, tumia kitufe cha Orthanc cha kuficha utambulisho. Lakini jua mipaka yake: hufuta jina kwenye taarifa za faili, hakifuti jina lililochapwa juu ya picha yenyewe, jambo la kawaida kwenye ultrasaundi. Na picha nyembamba za kichwa zinaweza kuundwa upya kuwa sura ya mtu. Zitunzwe kama unavyotunza picha ya uso wake.

## Hatua ya 8: Dharura itangulie

Usitume vyote kwa mkupuo mmoja mgonjwa akiwa hajitambui.

Tuma kwanza mfululizo mnene wa kichwa, ule wa milimita 5. Una picha kama 30, megabaiti 15, zikibanwa ni 6 hivi. Hata kwa megabiti 1 kwa sekunde ni dakika moja au moja na nusu. Daktari anaanza kusoma, anasema kama kuna damu kubwa ya kupasuliwa au hakuna. Wakati anasoma, picha nyembamba zinamfuata kwa ajili ya mifupa na majibu kamili.

Vipimo visivyo vya haraka panga viende usiku. Masasisho ya Windows ya kompyuta za ofisi nayo yapangiwe saa yake, yasigongane na picha.

## Hatua ya 9: Hesabu, kisha thibitisha

Miaka kadhaa nyuma, katika hospitali moja niliyokuwa naisaidia, kijana aliyeanguka na bodaboda alipigwa CT ya kichwa. Picha zikatumwa, mtandao ukakatika, hakuna aliyejua. Kichwa hutumwa kuanzia chini ya fuvu kwenda juu, hivyo zilizobaki ni za utosini. Daktari alisoma alichopewa, akaandika hakuna damu. Zile za juu zilifika jioni, na damu ilikuwa huko. Kijana alipona, lakini alikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tisa na damu kichwani, na sisi wote tulikuwa tumefanya "kazi yetu". Tangu siku hiyo sikubali neno "tumetuma".

Kwa hiyo fanya hivi kwa kila mgonjwa, bila kuruka:

1. Andika kwenye daftari idadi ya mifululizo na picha kutoka kwenye mashine.
2. Fungua kipimo kwenye seva ya daktari na usome idadi yake. Orthanc huionyesha, na ukiongeza `/statistics` mwishoni mwa anwani ya kipimo katika kiolesura chake utapata jumla.
3. Fungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho ya kila mfululizo. Kichwa kiishie utosini. Kifua kiishie chini ya mapafu.
4. Mpigie au mwandikie daktari ukimpa namba: "Mifululizo 3, picha 412." Naye ajibu kwa namba, siyo kwa "sawa".
5. Zikilingana, weka sahihi. Zisipolingana, daktari aambiwe asisome bado.

Wekeni pia sharti kwenye makubaliano kuwa majibu yaandike yamesomwa kutokana na picha ngapi. Sentensi hiyo moja inamlinda mgonjwa na inamlinda daktari.

## Ikikwama, anza hapa

Echo inakubali, picha hazifiki. Mara nyingi ukuta wa usalama wa kompyuta, au diski imejaa. Angalia diski kwanza.

Zinafika, hazifunguki. Programu ya daktari haielewi ubanaji uliotumia. Rudi `4.70`.

Zinaanza haraka kisha zinazorota. Kifurushi kimevuka kikomo, au kuna mtu anapakia video. Tazama kwenye raoti nani anatumia.

Idadi inazidi ya mashine. Kipimo kimetumwa mara mbili baada ya kuchakatwa upya, au wagonjwa wawili wameunganishwa chini ya namba moja. Hili la pili ni la hatari: simamisha usomaji, linganisha tarehe za kuzaliwa na saa za kupigwa picha.

Kila kitu kimekufa na mgonjwa ni wa dharura. Choma kipimo kwenye CD au flashi pamoja na programu ya kufungulia, mpe muuguzi anayesindikiza ndani ya ambulansi, na piga simu kule aendako kusema flashi iko kwa nani. Andika kwenye daftari idadi ya picha zilizo ndani, kama kawaida.